Mkojo mweusi na figo zinazoshindwa ghafla

Tabibu wa wilayani: Wenzangu, nina mgonjwa wa malaria kali ambaye mkojo wake ni mweusi kama kahawa, kijiti cha kupimia kinaonyesha damu nyingi, lakini chini ya hadubini sikuona chembe nyekundu hata moja. Niyaelewe vipi majibu haya?

Mtu wa maabara: Ndugu, kijiti hakitofautishi chembe nzima na himoglobini (rangi nyekundu ya damu) iliyomwagika baada ya chembe kupasuka. Zungusha sampuli mpya kwenye mashine, kisha utazame mashapo: vipande vya kahawia vyenye punjepunje na umbo la mirija huashiria kwamba mirija ya figo imejeruhiwa.

Daktari: Naafiki, ila pima na wingi wa mkojo, jambo ambalo wodini husahaulika mno. Mgonjwa wa kilo 60 anayetoa chini ya mililita 30 kwa saa, kwa saa 6 mfululizo, ametimiza kigezo cha jeraha la ghafla la figo hata kama kreatinini, taka ya damuni inayochujwa na figo, haijapanda. Kipimo cha sodiamu (chumvi) kwenye mkojo nacho husaidia, lakini kama ameshapewa furosemidi, dawa ya kuongeza mkojo, usikitegemee.

Tabibu wa wilayani: Ahsanteni. Kwa saa 6 zilizopita mfuko wa mkojo una mililita 90 tu. Namwandalia rufaa sasa hivi.