Mdogo wangu ana PCB, daraja la pili. Tuombe vyuo vingapi?

dada_wa_Urambo

Wakuu, habari za majukumu. Mdogo wangu amemaliza kidato cha sita mwaka huu. Fizikia D, Kemia C, Baiolojia C, daraja la pili pointi 10. Mwenyewe yuko JKT, simu hana, Jumapili huazima ya mtu tunaongea dakika mbili tatu. Kwa hiyo kazi ya kumuombea chuo imeniangukia mimi niliyeishia kidato cha nne nikashika cherehani.

Anataka udaktari. Tangu yuko darasa la tano hana wimbo mwingine. Baba mdogo anasema niombe vyuo kumi, Mungu ndiye anayejua pa kufungua. Mwalimu tunayekaa naye nyumba moja anasema viwili vinatosha, vingine ni kuwachangia tu. Vyuo vingi nilivyotazama ada ya maombi ni 10,000. Mimi nimetenga 60,000, na bado kuna kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA na maombi ya mkopo HESLB, hizo nimezitenga pembeni. Niombe vingapi? Na akichaguliwa vyuo viwili si watamfuta kote?

Mzee_wa_Zamani

Sisi wa 2013 tulikuwa tunaingia mfumo mmoja wa TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, unalipa mara moja, unapanga kozi za vyuo tofauti humo humo, umemaliza. Tangu 2017 kila chuo kinapokea maombi chenyewe, ndiyo maana mnaulizana mambo haya. Daraja la pili siyo baya. Muombee Muhimbili, yaishe.

steshenari_Iringa

Mzee, heshima yako, ila hapo utampoteza dada wa watu.

Dada, mimi nina steshenari hapa mjini Iringa, na matokeo yakitoka Julai dukani hapakaliki. Nimejaza fomu za watoto wa kila aina. Kwanza hizo pointi 10 ziweke kando. Hizo ni za NECTA, Baraza la Mitihani, za kupangia daraja, ambako ndogo ndiyo nzuri. Vyuoni wanahesabu kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Mdogo wako ana 8. Udaktari wa binadamu wanataka angalau D kwenye Fizikia, Kemia na Baiolojia, yaani 6. Sifa za kuomba anazo.

Lakini kuwa na sifa na kuchaguliwa ni vitu viwili. Wanaanza na wenye ufaulu wa juu wanashuka mpaka nafasi ziishe. Na wale wale wenye A tatu wanaoomba MUHAS, yaani hiyo Muhimbili, ndio hao hao wanaoomba Bugando, KCMC na UDOM. Ukiomba udaktari vyuo kumi unakutana na watu wale wale mara kumi, na pesa yako imekwenda. Baba mdogo nimemuelewa, ila hili siyo la wingi.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja hafutwi. Anatumiwa namba ya siri kwenye simu, anathibitisha chuo kimoja, vingine vinamwachia. Hao wa A tatu nao wanathibitisha kimoja tu, kwa hiyo nafasi walizoziacha zinaweza kuonekana maombi yakifunguliwa tena awamu ya pili. Mtu aliyemaliza pesa yote awamu ya kwanza anabaki kuzitazama.

Mimi ningefanya vinne, 20,000 ibaki. Viwili vya kumjaribia udaktari, kimoja cha serikali na kimoja binafsi, kama kweli mnaweza kubeba ada, maana mkopo hauna uhakika wa kufunika ada yote ya chuo binafsi. Cha tatu SUA Morogoro, wana udaktari wa mifugo. Cha nne chenye ualimu wa sayansi, kama MUCE hapa kwetu. Na kumbuka ndani ya chuo kimoja unajaza kozi kadhaa kwa ada ile ile, kwa hiyo usiende chuo cha afya ukaandika udaktari peke yake. Maabara ipo, uuguzi upo, afya ya mazingira ipo. Soma mwongozo wa TCU, kila kozi imeandikwa sifa zake.

Ila usimwandikie kozi ambayo hatakwenda kuisoma. Awamu ya pili ni ya waliokosa. Akichaguliwa uuguzi awamu ya kwanza, amechaguliwa. Muulize mwenyewe Jumapili.

Binti_PCB

Naongezea la HESLB. Namba ya mtihani wa kidato cha nne utakayojazia chuo iwe ndiyo hiyo hiyo ya kwenye mkopo. Waliorudia mtihani wana namba mbili, wanachanganya, mkopo unakwama.

dada_wa_Urambo

Ahsanteni sana. Amepiga leo. Uuguzi hataki, nimembembeleza kakataa. Mifugo kakubali hapo hapo, tumekulia zizini ati. Maabara kasema sawa. Ualimu alinyamaza, nikajua jibu. Kwa hiyo ni vitatu: UDOM, Bugando na SUA. Muhimbili ameitoa mwenyewe, anasema wenzake kambini wenye A wote wameikimbilia. Ada ya Bugando, maana ndicho chuo binafsi, tumekaa na baba mdogo, amesema atauza ng'ombe tulipe ya mwaka wa kwanza, mbele tutaona. 30,000 nabaki nayo mkononi. Mwalimu wa hapa nyumbani anacheka, anasema ameshinda.

Kaka wa steshenari, kijana wa hapa anayenijazia anataka kuweka namba yake ya simu kwenye fomu, eti ndiyo ya uhakika.

steshenari_Iringa

Kataa! Weka yako, na laini usiibadilishe mpaka mdogo wako aripoti chuoni. Namba ya siri inakuja kwenye simu iliyoandikwa kwenye fomu, na siku za kuthibitisha huwa chache. Kila mwaka naletewa watoto waliochaguliwa vyuo viwili, namba imekwenda kwa aliyewajazia, naye amehama mji au laini ameshaitupa. Nenosiri la akaunti nalo liandike kwenye daftari lako. Na kila ukilipa, risiti usitupe.