Mbono, mnyonyo, mbono kaburi: upi ni upi?

Kitalu Chetu: Wakuu, naandaa vibao vya majina kwa ajili ya kitalu na "mbono" unanikwamisha. Mmoja analeta mbegu za nyonyo, mwingine jatrofa, na wote wanaapa ndio mbono. Halafu hilo "kaburi" limeingiaje?

Bwana Miti: Ni mimea miwili ya ukoo mmoja, mkuu. Mbarika, yaani mnyonyo (Ricinus communis), asili yake ni kaskazini-mashariki mwa Afrika. Mbono kaburi (Jatropha curcas) ulitoka Amerika ya Kati, ukasambazwa na Wareno. Kwa maoni yangu, mgeni alirithi jina la mbono kutoka kwa mbarika kwa sababu naye hukamuliwa mafuta, kisha likaongezwa neno la kuwatenganisha. Kaburi halina fumbo: hupandwa kuzunguka makaburi. Mifugo hawagusi majani yake, unavumilia ukame, na kijiti kikichomekwa kinashika. Udongo wa kaburi ukishasawazika, mti bado upo.

Jani kwa Jani: Jina weka kando, geuza jani. La mbarika lina vidole 7 hadi 9 vyenye meno pembeni, na kikonyo kimeshika chini ya jani, ndani ya ukingo. La mbono kaburi lina pembe 3 hadi 5 butu, halina meno, na kikonyo kimeshika ukingoni. Tunda la mbarika kwa kawaida lina miiba laini. La mwenzake halina. Mbegu za mbono kaburi ni nyeusi, za mbarika zina madoadoa kama kupe aliyeshiba. Ndiyo maana kwa Kilatini ukaitwa ricinus: kupe.

Kuchanganya kuna hatari. Mafuta ya nyonyo yaliyotengenezwa kwa dawa hunywewa kulainisha choo. Ya mbono kaburi ni ya sabuni na taa, hayanywewi kamwe. Mbegu za mimea yote miwili ni sumu, na mashudu yake usiwape mifugo.

Kitalu Chetu: Shukrani. Kwenye kibao niandikeje?

Bwana Miti: Jina la kisayansi, jina la wenyeji, na mahali lilikosikika. "Mbono" peke yake usiandike. Ukinunua mbegu, dai tunda kavu lenye ganda. Wateja wa wigo wape vijiti vya mbono kaburi vya sentimita 30 au zaidi, wapande kwa nafasi ya sentimita 15 hadi 25. Sehemu ya kijiti iliyokatwa ikauke kwanza, maana kwenye udongo uliolowa huoza.