Subaru Forester SG5 turbo: geji ya busti haipiti bar 0.45 na moshi mweusi kila nikibadili gia. Nianzie wapi?

Kihesa04

Wakuu habari za jioni. Nina Forester SG5 ya 2004, turbo, injini EJ205, gia za mkono. Niliinunua Dar mwezi wa tatu nikapanda nayo mpaka Iringa ninakoishi. Siku ile Kitonga niliipanda na gia ya tatu, watu wanne ndani na mizigo, na ilikuwa bado inaomba mafuta. Nikaipenda hapo hapo.

Shida zimeanza baada ya mimi mwenyewe kuigusa. Wiki tatu zilizopita nilifanya mambo kwa mpigo: nikafunga geji ya busti (presha ya hewa ambayo turbo inasukuma kwenye injini, kwa bar), nikatoa masega (kichujio cha moshi ndani ya ekzosi), na nikang'oa ile valvu ya kiwandani inayorudisha hewa, nikaweka bloofu ya kutolea hewa nje, ile inayopiga "pshaa" ukiachia mafuta. Siku hiyo hiyo nikaweka na plagi mpya nne.

Hali ya sasa: nikikanyaga mpaka mwisho kwenye gia ya tatu, mshale unapanda taratibu mpaka 0.45 na unagoma hapo. Kuanzia resi 4,000 (mizunguko ya injini kwa dakika) gari inamisi, inakuwa kama inavuta tela. Nikikanyaga klachi kubadili gia inatoa moshi mweusi nyuma na mara nyingine inapiga "pap" kwenye ekzosi. Ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, inapanda na kushuka, mara mbili imezima kwenye mzunguko. Petroli niliyokuwa natumia kwenda Mafinga na kurudi sasa hainirudishi. Na kingine kinachonitia wasiwasi: jamaa wa Dar mwenye gari kama hii geji yake kwenye sailensi inasoma -0.68, yangu inasoma -0.5. Je, injini yangu imekwisha?

Naifanyia kazi mwenyewe nyumbani, nina spana, jeki na stendi mbili. Fundi mmoja ameshaniambia turbo imekufa ninunue nyingine. Sitaki kununua kabla sijajua.

Chuma_Ilala

Mkuu turbo ya kiwandani ya hizo gari ni ndogo na imeshachoka. Tafuta boost kontrola ya mkono, ile ya kukaza kwa skrubu, kata mpira wa westigeti (valvu inayozuia busti isizidi) uiunganishe katikati, kaza mpaka 1.1. Utaona maajabu. Kazi ya nusu saa.

Mwakibete_Mbeya

Kihesa04, tafadhali usifanye hivyo kwanza. Chuma_Ilala sikuvunjii heshima, ila mimi nimeulipia ushauri huu.

Mwaka 2019 nilikuwa na Impreza yenye injini hiyo hiyo ya EJ205. Ilikuwa haifiki busti yake, kama hii. Gereji moja wakanifungia skrubu ya namna hiyo bila kutafuta kwa nini haifiki, wakakaza mpaka geji ikasoma 1.2, nikaondoka nimefurahi. Wiki ya tatu natoka Makambako kurudi Mbeya, nikasikia mlio mwepesi chini ya boneti, kama mtu anatikisa kopo lenye kokoto chache, na kila nikikanyaga unakuja. Nilifika nyumbani. Kesho yake tukapima kompresheni: silinda tatu zilisoma kati ya psi 130 na 140, ya nne ikasoma 60. Tulipofungua, pistoni ya silinda ya nne ilikuwa imevunjika ule ukingo mwembamba ulio kati ya ringi na ringi. Kipande chake ninacho mpaka leo, kinaenea juu ya kucha ya kidole kidogo. Injini ya mtumba ilinigharimu zaidi ya milioni tatu na gari ilikaa uani miezi mitano.

Sasa tuje kwako. Naomba uyaelewe mambo mawili, mengine yatafuata.

La kwanza ni geji ya sailensi. Injini yako haijaisha. Geji hiyo inalinganisha hewa ya ndani ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) na hewa ya nje. Dar, pwani, hewa ya nje ina presha ya karibu bar 1.01. Iringa uko mita 1,500 na ushee juu ya bahari, hewa ya nje ni karibu bar 0.84. Ndani ya manifoldi injini isiyo na ubovu ikiwa sailensi inabaki na kama 0.33 kokote iliko. Toa mwenyewe: Dar unapata 0.68, Iringa unapata 0.51. Jamaa yako yuko sawa na wewe uko sawa. Yangu hapa Mbeya inasoma 0.49 na haina tatizo lolote.

La pili ndilo kubwa. Kontroli boksi ya gari hii, yaani kompyuta ya injini, inahesabu hewa sehemu moja tu, kwenye eyaflo (kipimo cha hewa), pale hewa inapotoka kwenye boksi la eyakilina. Hewa ikishapita pale imeshaandikwa na petroli yake imeshapangwa. Ikitorokea njiani kabla ya kufika silinda, petroli inafika bila mwenzake. Huo ndio moshi mweusi. Valvu ya kiwandani uliyoitoa, kazi yake ilikuwa kuirudisha hewa hiyo kwenye mpira wa kuingilia turbo, nyuma ya eyaflo, ikazunguka tena ikiwa imeshahesabiwa. Bloofu yako inaimwaga nje. Kila ukiachia mafuta kubadili gia, unatupa hewa iliyokwisha kulipiwa petroli. Ule mlio wa "pap" ni hiyo petroli inawakia kwenye ekzosi. Rudisha ya kiwandani. Natumaini hukuitupa.

Lakini bloofu peke yake haielezi 0.45. Ukiwa umekanyaga inatakiwa iwe imefunga. Kwa hiyo ama haifungi vizuri, ama kuna mahali pengine panavuja. Na sidhani kontroli boksi inakata petroli kwa busti kuzidi, maana hiyo ungeijua: nguvu inapotea yote kwa mara moja, unarushwa mbele kwenye mkanda. Yako inalegea taratibu. Huo ni mvujo. Na turbo inayosukuma hewa kwenye mvujo inalazimika kuzunguka kasi kuliko kawaida ili kufikia busti ile ile, hewa inatoka ya moto zaidi, na mwisho wake turbo iliyokuwa nzima inakufa kweli. Ukiongeza skrubu juu ya mvujo unaiua haraka.

Tengeneza kipimo nyumbani. Nunua kifuniko cha bomba la PVC kinachoingia kwenye mdomo wa mpira wa kuingilia turbo, ule unaotoka kwenye eyaflo. Pima mdomo kwanza ndipo uende dukani. Kikipwaya kidogo kizungushie mpira wa tyubu ya baiskeli. Katikati toboa tundu la milimita 11.5, pitisha valvu ya tairi ya tubeless, ivute kutokea ndani mpaka ikae. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, chomoa mpira kwenye eyaflo, chomeka kifuniko, kaza klampu. Ule mpira mdogo wa pumzi ya injini unaoingia kwenye mpira huo mkubwa, uchomoe na uzibe tundu lake, la sivyo utasukuma hewa kwenye kreki (sehemu ya chini ya injini yenye oili) na kuumiza sili za oili.

Halafu upepo. Kompresa ya fundi pancha inafaa, ila usiiachie. Geji yake inasoma psi, wewe ishia 10, ambazo ni karibu bar 0.7. Anza na 4 au 5. Usisimame mbele ya kifuniko, kikichomoka kinaruka kama jiwe la manati. Utasikia hewa kidogo inatokea kwenye ekzosi au kwenye tundu la dipstiki, hiyo achana nayo, ni valvu zilizokaa wazi na ringi. Unayoitafuta ni ile ya kwenye mipira na viungo. Weka maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia, nyunyizia kila kiungo kuanzia turbo, intakula (kipoza hewa ya turbo) yote pembeni na chini, kitako cha bloofu, mpira wa kwenye throto, mpaka gasketi za manifoldi. Tumia na kioo kidogo kuona chini ya intakula. Rudi na majibu, na utuambie plagi uliweka zipi.

Nakuru_XT

Niaje wakuu. Mwakibete amesema yote ya hewa, mimi niongeze moja tu ya plagi. Mimi niliwahi kuuziwa plagi zenye mwanya wa 1.1. Kwa gari isiyo na turbo hiyo ni sawa, lakini busti ikipanda cheche inazimwa kama mshumaa kwenye upepo, gari inaanza kumisi juu ya 4,000 vile unasema. Zitoe upime na fila geji (vibati vya kupimia mwanya). Kwa hii turbo inatakiwa 0.7 mpaka 0.8. Ukizitoa angalia pia rangi, zikiwa nyeusi tititi za masizi ujue mchanganyiko umejaa petroli.

Halafu usichome pesa kwa mashine za gereji kila siku. Kebo ya KKL ya USB haina bei kubwa, na programu ya FreeSSM haiuzwi. Hizo mbili zinaongea na kontroli boksi ya Subaru ya miaka hiyo. Laptopu kuukuu inatosha.

Kihesa04

Wakuu nimerudi, na niwaambie ukweli mikono ilikuwa inatetemeka.

Plagi kwanza. Nakuru_XT umelenga. Fila geji ilisoma 1.1 kwenye zote nne. Dukani nilisema tu "plagi za Subaru" nikapewa hizo. Zilikuwa nyeusi kama zimepakwa masizi ya chungu, ukigusa kidole kinabaki cheusi.

Kipimo nilikitengeneza Jumamosi. Kompresa nilikodi kwa fundi pancha wa hapa mtaani, naye akaja kuona. Kwenye psi 5 kitako cha bloofu kilianza kutoa mapovu pande zote. Niliifunga bila gasketi, nilipaka gundi tu, na gundi ilikuwa imeshaachana na bati. Nikaitoa, nikarudisha ya kiwandani na gasketi mpya, nikajaza tena. Pakawa kimya. Nikafika 8, bado mlio ulikuwepo lakini siuoni. Fundi pancha ndiye aliyepitisha mkono chini ya mpira unaotoka kwenye turbo kwenda intakula akasema "upepo huu hapa." Nikaweka kioo na tochi. Kuna mpasuko kwa chini, upande usioonekana kabisa ukiwa umesimama, mrefu kama kucha ya kidole gumba. Bila upepo umefunga, unapitisha kidole juu yake huhisi kitu. Ukijaza, unafunguka kama mdomo wa samaki na povu linaruka. Nilijaza na kuachia kama mara sita nikiuangalia tu. Mimi nilishaanza kutafuta pesa ya turbo nyingine.

Mpira mpya nimeagiza Dar, umekuja na basi Jumatatu. Plagi nimeweka zenye 0.75.

Jana jioni nimeijaribu barabara ya Mafinga. Gia ya tatu, mshale umepanda bila kusita mpaka 0.75 na kukaa. Hakuna kumisi, hakuna moshi, sailensi imetulia. Mwakibete, sina cha kukulipa kaka. Sasa nauliza kwa adabu: je, kuongeza sasa naruhusiwa?

Mwakibete_Mbeya

Nimesoma habari za huo mpira mara mbili, nimefurahi kama gari ni yangu. Mshukuru sana fundi pancha.

Kuongeza unaweza, lakini si kwa skrubu. Fungua kifuniko cha tenki la petroli usome kibandiko cha Kijapani, au mpe anayekijua akusomee: gari hii ilitakiwa kujazwa petroli ya premium ya kwao, ambayo kiwango chake cha chini ni oktani 96. Ramani, yaani jedwali la petroli na cheche, iliyo kwenye kontroli boksi imeandikwa kwa petroli hiyo. Ukiipa ya chini yake ukaongeza na busti, inaanza kugonga ndani, na mlio wa kopo na kokoto niliousikia mimi ndio huo. Kontroli boksi inajitahidi kurudisha nyuma muda wa cheche, lakini ina kikomo.

Kwa hiyo mimi ningeanza na kebo aliyosema Nakuru_XT. Rekodi safari kadhaa za gia ya tatu, uone kama kontroli boksi inarudisha cheche nyuma hata kwa hii 0.75. Hilo nalitilia mkazo kwa sababu umetoa masega; ekzosi ikiwa nyepesi turbo inaamka mapema na busti inaweza kuruka juu ya kiasi kabla westigeti haijafungua. Angalia mshale unapofika juu: ukipita 0.9 kisha ukarudi, niambie. Kama rekodi ni safi, tafuta mtu wa kuiandikia kontroli boksi ramani ya petroli yetu na ya huo mwinuko, akiwa amekaa ndani ya gari yako, si faili ya kutumiwa. Hapo hata bila kugusa busti utapata gari nyingine.

Oili usiisahau. Subaru turbo nyingi zenye AVCS (mfumo wa kubadili muda wa valvu) zina kichujio kidogo cha wavu ndani ya bolti ya mrija unaopeleka oili kwenye turbo. Kikiziba kwa tope la oili iliyochelewa kubadilishwa, turbo inakauka. Siku ya kumwaga oili kifungue ukiangalie. Dipstiki vuta kila unapojaza tenki.

Na kwa sasa, ukifikisha kilomita 200 hivi, subiri ipoe, kaza tena klampu mbili za huo mpira mpya. Mpira ukishaiva na joto unakaa chini kidogo, na klampu ya siku ya kwanza inakuwa imelegea nusu mzunguko.