Mrejesho: mahojiano yangu na Wamakonde wa Kwale

Wakuu, shukrani. Mtakumbuka nilikwama: kila mzee wa Kimakonde (jamii yenye asili ya Msumbiji iliyoishi Kenya miaka mingi bila uraia) niliyemhoji kule Kwale, pwani ya Kenya, kwa ajili ya tasnifu ya uraia, nikimuuliza utambulisho wake alijibu "sisi ni Wakenya", basi, kimya.

Uliyeniambia niache kuuliza utambulisho niulize maisha, Mungu akuweke. Nilianzia mashamba ya mkonge, nikafika kwenye ile safari ya miguu ya Oktoba 2016 ya kwenda Nairobi kudai vitambulisho, na hapo watu wakafunguka. Mama mmoja alifungua pindo la leso akanitolea kipande chake, yaani kitambulisho, kimezungushiwa nailoni mara mbili. Nusu saa nzima hakuzungumzia kingine. Maswali nilikuwa nayo 18, nikatumia manne.

Watano walikataa kinasa sauti, nikaandika usiku uleule kama mlivyoshauri. Kikao cha pamoja ndicho kilichoniangusha: wazee wa kiume waliongea, akina mama wakaitikia kwa vichwa. Ningewahoji wanaume na wanawake kando kando tangu mwanzo. Na mjukuu akitafsiri Kimakonde hufupisha mno. Tafuteni mkalimani wa nje ya nyumba.

Msimamizi amepitisha sura ya nne. Ya tano bado ananirudishia.