Bunge la Ulaya: wenye kadi ya ukaazi tunahusika vipi?

Shikamooni wakubwa. Ninaishi Antwerp kwa kadi ya ukaazi, na ombi la kumleta mke wangu limelala ofisini, sasa ni mwaka wa pili. Nimeambiwa niliandikie Bunge la Ulaya. Je, mtu ambaye hakupiga kura Juni 2024 atasikilizwa, na huko mwenye sauti ni nani?

—

Marahaba, mdogo wangu. Kura hukupiga, lakini haki ya kupeleka ombi unayo, kwa kuwa mkataba wa Umoja wa Ulaya unampa kila mkaazi, awe raia au asiwe raia, nafasi ya kuliandikia Bunge juu ya jambo la sheria za Umoja linalomgusa mwenyewe. Agizo la 2003 kuhusu kuunganisha familia linataka jibu ndani ya miezi 9, isipokuwa pakiwa na sababu za pekee.

Barua yako itafika Kamati ya Maombi, na hapo ndipo vuta nikuvute ya makundi ya kisiasa inapokugusa. Baada ya uchaguzi ule EPP, kundi la vyama vya mrengo wa kulia wa kati, walikuwa na viti 188 kati ya 720, Wasoshalisti 136, na Wazalendo wa Ulaya, kundi la akina Orbán na Le Pen lililozaliwa Julai, 84. Uenyekiti wa kamati hugawanywa kwa hesabu ya d'Hondt: viti vya kundi hugawanywa kwa 1, kwa 2, kwa 3, na mwenye jawabu kubwa huchagua kwanza, ndiyo maana zamu ya pili ya EPP, yenye jawabu la 94, ilitangulia ya kwanza ya Wazalendo. Hawa walistahili Uchukuzi na Utamaduni, lakini mwenyekiti hupigiwa kura ndani ya kamati, na wenzao wakawanyima zote mbili. Wahafidhina wa ECR, ambao kwangu mimi hawatofautiani nao sana kuhusu wahamiaji, walipata kamati tatu, na Maombi ni mojawapo.

Kwa hiyo usimtegemee mwenyekiti peke yake. Kila kundi lina mratibu katika kamati. Mpelekee nakala wa Wasoshalisti na wa Kijani pia. Kamati haiwezi kutengua uamuzi wa ofisi ya hapa, ila yaweza kuitaka Kamisheni ya Ulaya, chombo kinachosimamia utekelezaji wa sheria za Umoja, ichunguze. Andika kwa Kiholanzi au Kifaransa, maana Kiswahili hakimo katika zile lugha rasmi 24 za Umoja, na uambatishe stakabadhi yenye tarehe ya siku ulipowasilisha ombi.