Mjadala: Bidhaa za kazi ya kulazimishwa zizuiwe mpakani?

Wadau, naleta hoja nikiwa na msimamo wangu: bidhaa iliyotengenezwa kwa kazi ya kulazimishwa izuiwe. Ila zuio lisilomrudishia mfanyakazi chochote, mimi nalihesabu kuwa nusu ya kazi.

Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 27.6 walikuwa wakifanya kazi kwa kulazimishwa. Minyororo huioni. Kuna walionyang'anywa pasipoti, kuna wanaozuiliwa mishahara, na kuna waliokopa ili kumlipa wakala wa ajira, sasa hawawezi kuacha kazi hadi deni liishe. Na deni haliishi.

Tazameni Malaysia. Julai 2020, korona imepamba moto na glavu zinagombaniwa dunia nzima, forodha ya Marekani ilizuia glavu za kampuni tanzu mbili za Top Glove. Wafanyakazi wake wengi walikuwa wahamiaji walioingia na madeni ya namna hiyo. Mwezi uliofuata kampuni ikaanza kuwarudishia ada walizotozwa ili wapate kazi. Zuio lilipoondolewa Septemba 2021, forodha ilisema wamelipwa zaidi ya dola milioni 30. Sioni kitu kingine ambacho kingeitoa fedha hiyo kwa kasi ile zaidi ya mzigo kukwama.

Kigumu ni pale anayelazimisha anapokuwa serikali yenyewe. Kuhusu Xinjiang nchini China, sheria ya Marekani iliyoanza kutumika Juni 2022 inachukulia kila bidhaa ya huko kuwa imetokana na kazi ya kulazimishwa, mpaka muagizaji athibitishe vinginevyo. Wapo wanaosema huko ni kumhukumu mtu kabla ya kesi. Siafiki. Mkaguzi hawezi kuzungumza kwa uhuru na mfanyakazi wa kule, basi nani mwingine abebe mzigo wa kuthibitisha kama si anayepata faida? Umoja wa Ulaya umekwenda kinyume: sheria yake ya 2024, itakayoanza kutumika Desemba 2027, inaitaka mamlaka ndiyo ithibitishe. Naona hapo wamejifunga mikono wenyewe.

Karibuni, hasa mnaopinga.

*Mchangiaji:*
Kaka, hizi ni kinga za viwanda vyao zilizovikwa joho la utu. Sheria mama ya Marekani ni ya 1930, na hadi 2016 ilikuwa na mwanya: bidhaa isiyozalishwa ya kutosha nchini mwao iliruhusiwa kuingia hata kama imetokana na shuruti. Huruma gani hiyo inayopima mahitaji ya soko kwanza? Halafu Novemba 2019 wakazuia tumbaku ya Malawi, nchi nzima. Mkulima mdogo anayelima na familia yake alimlazimisha nani?

*Mleta hoja:*
Dada, la mwanya ni kweli tupu na ni aibu. Lakini mwanya umezibwa, na sheria iliyozaliwa kwa nia mbaya bado inaweza kumfaa mfanyakazi.

La Malawi limenigusa zaidi. Kuzuia zao la nchi nzima ni kumchapa asiye na kosa pamoja na mwenye kosa, na kampuni kubwa ndizo zilizokuwa na uwezo wa kuandaa nyaraka za kujinasua kwanza. Hata hivyo tusisahau kilichokuwa kikilalamikiwa: familia kuishi kwenye shamba la tajiri, kukopeshwa chakula na pembejeo, kisha kukatwa vyote msimu ukiisha, wakati mwingine wakibaki mikono mitupu. Mwaka 2021 Malawi yenyewe iliupiga marufuku mfumo huo. Sisemi ni kwa sababu ya zuio peke yake, kwani wanaharakati wa huko walikuwa wameupinga kwa miaka mingi.

Kinachonikera mimi ni kingine. Mzigo ukizuiwa Marekani, muagizaji anaruhusiwa kuusafirisha kwenda nchi nyingine. Pamba ileile inauzwa kwingine na aliyeichuma hapati hata senti. Ulaya wao wamekataza hata kuuza nje, na hapo nawapongeza. Ningetaka sheria zote zifanye hivyo, na zuio lisiondolewe kabla mfanyakazi hajalipwa haki yake. Kwa mkulima wa Malawi, zuio lilenge shamba na mnunuzi, lisilenge nchi. Wewe ungeliandikaje?