Kyalami, Killarney au kwingineko: tuendeshe wapi Afrika Kusini?

Gezaulole
Wakuu, salaam. Mimi na wenzangu watatu tunakusudia kwenda Afrika Kusini kwa ajili ya mbio za magari, na wakala anataka malipo ya awali kabla ya Ijumaa. Ametupa machaguo matatu: Kyalami iliyo Midrand, kati ya Johannesburg na Pretoria, Killarney ya Cape Town, na Phakisa ya Welkom, katika jimbo la Free State. Mwenzetu mmoja anasisitiza kwamba mbio zenye ladha ni zile za barabara za mjini, kama zile alizoziona kwenye televisheni zikifanyika Cape Town. Naomba wenye uzoefu mtulinganishie kwa haki, bila ushabiki.

FundiWaGerezani
Ndugu yangu, swali lako halijakamilika. Mnakwenda kutazama au kuendesha? Kama ni kuendesha, gari ni la nani, na mnasafiri mwezi gani? Nauliza mwezi kwa sababu Gauteng, jimbo ilipo Kyalami, hupata mvua za radi alasiri nyakati za kiangazi chao, ilhali Cape Town hunyeshewa wakati wa baridi, Juni hadi Agosti. Mwezi unaowapa lami kavu Kyalami unaweza kuwalowesha Killarney.

MkaziWaMidrand
Huku Kyalami ni nyumbani kwangu, kwa hiyo mjue nina upande. Kiwanja hicho kilijengwa mwaka 1961, kikapokea Formula 1 kati ya 1967 na 1985, kisha tena 1992 na 1993. Mwaka 2014 kiliuzwa kwa mnada kwa randi milioni 205, na mnunuzi, Toby Venter wa Porsche ya Afrika Kusini, akakikarabati upya. Leo kina urefu wa kilomita 4.5 na kona 16. Utamu wake ni miinuko: unapanda bila kuiona kona iliyo ng'ambo ya kilele, kisha unashuka huku gari likiwa jepesi juu ya tairi zake, na hapo ndipo utakapojua kama ulifunga breki mapema au umechelewa. Killarney ni kilomita 3.27 za tambarare. Sioni hata sababu ya kulinganisha.

JichoLaNgong
Mkazi, mbona hukumweleza habari za hewa? Kyalami ipo takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 15 ya nguvu zake huko. Sisi wa Nairobi hatushtuki, maana magari yetu yanaishi juu zaidi ya hapo, lakini mtu wa Dar es Salaam akikanyaga mafuta kwenye mwinuko wa Kyalami anaweza kudhani amekodishwa gari bovu. Killarney iko jirani na bahari, injini inapumua, na Mlima wa Meza unauona ukiwa ndani ya gari. Adha yake ni upepo wa kusini-mashariki unaovuma kiangazi, ambao unaweza kulisukuma gari jepesi pembeni likiwa katikati ya kona.

BiUsukani
Kabla hamjaendelea kubishania viwanja, niruhusuni nizungumzie gari, kwa sababu ndilo lililotuharibia safari sisi. Mimi na mume wangu tulikodi gari dogo lililotayarishwa kwa ajili ya siku ya wazi ya kuendesha katika kiwanja kimoja cha Gauteng, ambacho hakikuwa na kosa lolote. Mwenye gari alitupokea vizuri, akatuvalisha helmeti, akatusainisha karatasi na kuchukua amana. Mizunguko ya mwanzo ilikwenda salama. Baadaye, mwishoni mwa sehemu ndefu iliyonyooka, nilikanyaga breki na pedeli ikazama hadi sakafuni bila upinzani wowote. Nilipiga pedeli mara kadhaa, nikashusha gia, na gari likaenda kutulia kwenye changarawe likiwa halijagonga kitu. Gari la bredauni lilituvuta mbele ya watu wote, na mwenye gari akaja kukagua, akaonyesha mikwaruzo kwenye rimu, akatangaza kwamba amana yote imepotea kwa kuwa mkataba ulisema dereva anawajibika kwa uharibifu wowote. Mume wangu alifungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki, na mafuta yalikuwa yamekolea kama chai ya rangi. Tulionyesha, tukabishana, hatukurudishiwa hata randi moja.

FundiWaGerezani
Dada, pole sana, na kilichotokea kinaelezeka. Mafuta ya breki hufyonza unyevu kadiri yanavyokaa. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi nyuzi 155 hivi, na kiwanja chenye sehemu ndefu ya kasi hufikisha joto hilo upesi. Yakichemka hutoa mvuke, na kwa kuwa mvuke hubanika, mguu unaubana mvuke badala ya kusukuma padi za breki. Gezaulole, ulizia tarehe ya mafuta hayo kabla hujaulizia jina la kiwanja.

MzeeWaRamani
Nirudi kwa yule anayetaka barabara za mjini. Mbio alizoziona Cape Town ni za magari ya umeme ya Formula E, zilizofanyika Green Point tarehe 25 Februari 2023, António Félix da Costa akashinda, na hazikurudi katika kalenda ya mwaka uliofuata. Durban nayo ilikuwa na njia ya mjini kando ya ufukwe kwa ajili ya A1GP, mashindano ya magari kati ya mataifa, kuanzia 2006 hadi 2008, kisha ikaisha. Njia za namna hiyo huwekwa kwa vizuizi vya zege na kuondolewa, kwa hiyo hakuna mahali pa kwenda kulipa ukaendesha. Anayetaka kuona barabara ya kawaida ikifungwa kwa mashindano aende mji wa Knysna mwezi Mei kutazama mashindano ya Simola, ambako magari hupanda kilima cha kilomita 1.9 moja baada ya jingine. Mimi ningewapeleka East London, mji wa pwani wa huko huko Afrika Kusini. Njia yake ya mbio, Prince George, ilianza mwaka 1934 kwa kutumia barabara za umma, mzunguko mmoja ukiwa zaidi ya kilomita 24, kabla ya kufupishwa kuwa 3.9. Hapo ndipo Graham Hill alipotwaa ubingwa wa dunia wa Formula 1 tarehe 29 Desemba 1962, baada ya gari la mpinzani wake, Jim Clark, kuvuja oili akiwa anaongoza.

JichoLaNgong
Mzee, historia hailiwi. Nami siamini kwamba gari lisilo na mlio linastahili kuitwa la mbio.

MkaziWaMidrand
Mlio hauongezi kasi, kaka. Nilikuwepo Green Point siku ile, na magari yale yalipitana vizuri kuliko mengi yenye kelele.

Gezaulole
Wakuu, nimewasoma wote. Tunakwenda kuendesha, mwezi wa Aprili, kwa magari ya kukodi, isipokuwa mmoja wetu ambaye atapanda pikipiki.

FundiWaGerezani
Pikipiki! Hilo lingekuwa sentensi yako ya kwanza. Pikipiki na magari havichanganywi katika zamu moja, kwa hiyo tarehe yenu inaweza kuwafaa watatu na kumfungia mmoja nje.

MzeeWaRamani
Basi Phakisa isidharauliwe. Ilifunguliwa 1999, ina kilomita 4.24, na hapo Valentino Rossi, bingwa wa mbio za pikipiki, alishinda mbio yake ya kwanza akiwa na Yamaha mwaka 2004. Kama hamjawahi kabisa kuendesha kiwanjani, Zwartkops ya Pretoria, yenye kilomita 2.4 tu, ina kasi ndogo na haichoshi breki kama Kyalami.

BiUsukani
Na mkataba umeshauona, kaka Gezaulole?

Gezaulole
Wakala anasema mkataba atautuma baada ya malipo. Wawili wetu wameshaamua Kyalami, wa pikipiki amehamia Phakisa, na yule wa barabara za mjini sasa anauliza nauli ya Knysna.